Mwalimu wa Saa Kumi Usiku

Watu wa Lubumbashi wakimsifia mbwa, husifia meno. Huyu anamjua mwizi hata akiwa mbali, yule alimng'ang'ania mtu suruali mpaka kukacha, wa jirani hapokei nyama kutoka mkono wa mgeni. Sijawahi kusikia mbwa akisifiwa kwa sababu hakojoi barzani. Aliyemfundisha naye hasifiwi, ingawa kazi yake ilikuwa ngumu kuliko kumfundisha kuuma, maana kuuma mbwa anakujua tangu kuzaliwa. Na katika malupango mengi ya mji huu, yaani viwanja vya nyumba vilivyozungushiwa ukuta, aliyeifanya kazi hiyo ni sentineli, mlinzi wa usiku, mtu aliyeajiriwa kufungua geti na kulifunga, na ambaye hakuna aliyemwambia kuwa mtoto wa mbwa naye ni sehemu ya kazi.

Kazi yenyewe huku kwetu si ile ya vitabu vya Ulaya, ambako mbwa hulala sebuleni na ugomvi wote ni wa zulia. Hapa mbwa wengi hawavuki mlango wa nyumba. Wanaishi ndani ya lupango, kati ya ukuta na nyumba, na usafi wao unapimwa mahali pengine: kwenye barza, ile sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa nta nyekundu, kwenye mkeka ambako mama ameanika muhogo, na chini ya mwembe, ambako watoto wanacheza pekupeku na mdogo wao anatambaa. Hapo chini ya mwembe ndipo jambo linapokuwa zito. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa wakiwa na minyoo waliyoipata tumboni mwa mama yao, na mayai ya minyoo hiyo yakishaanguka pamoja na kinyesi huweza kukaa ardhini miaka bila kufa. Kuna minyoo mingine, ile midogo yenye meno ya ndoano, ambayo watoto wake hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Anayemzoesha mbwa kona moja ya lupango, na kinyesi kikaokotwa hapo kila siku kikafukiwa, anailinda nyumba hiyo zaidi ya anavyoilinda kwa kukaa getini na rungu.

Sentineli ninayemfikiria analinda lupango mmoja katika komini ya Kampemba. Ni mtu mzima, ana wajukuu. Nyumba nzima inamwita Baba, na yeye anamwita mwenye nyumba Mama, ingawa kwa umri angeweza kumzaa. Nimemwangalia akilea mbwa zaidi ya mmoja na kila mara nimevutwa na jambo lilelile: hana haraka, na hasemi sana. Mtoto wa mbwa akiletwa, Baba hamfundishi chochote siku hiyo. Anamweka chini, anamwacha anuse, na anamuuliza aliyemleta: alikuwa analala wapi?

Swali hilo linaingia moja kwa moja kwenye kiini cha ufundi wake. Somo la usafi huanzwa na mama mbwa, kabla mtu hajatia mkono wake. Siku za mwanzo mtoto hawezi hata kukojoa peke yake. Mama humlamba tumboni ndipo mkojo utoke, na vyote anavisafisha yeye kwa ulimi, hivyo mahali pa kulala panabaki pakavu. Yapata wiki ya tatu, miguu ikishapata nguvu, watoto wenyewe huanza kujikokota nje ya pale wanapolala ili wajisaidie pembeni. Na kufikia wiki ya nane au ya tisa kila mmoja ameshachagua kwa nyayo zake kitu anachopenda kukojolea: majani, mchanga, gunia, saruji. Nyayo ndizo zinazokumbuka. Mtoto aliyekulia bustanini atatafuta majani popote utakapompeleka. Aliyefungiwa na ndugu zake katika chumba kichafu ana shida kubwa zaidi, kwa sababu alilazimishwa kulala juu ya uchafu wake, na ile aibu ya asili aliyopewa na mama yake imekufa ganzi.

Mmoja wa watoto aliowalea Baba alitoka katika chumba cha namna hiyo, chumba cha nyuma chenye saruji tupu. Alipopelekwa kwenye udongo alisimama akiinua mguu huu na kushusha ule, kisha akarudi mbio barzani na kukojoa palepale kwenye saruji anayoijua. Mama alikasirika. Baba akachukua kipande cha katoni, akakilaza juu ya mkojo mpaka ukanywea, akakipeleka nyuma ya kichuguu. Wasioujua mji wetu niwaambie kwamba Lubumbashi ilijengwa ndani ya miombo, na vichuguu vya huku ni vilima. Vingine vinaipita nyumba kwa urefu. Wenye kujenga huvibomoa wakafyatulia matofali, na ambao hawakubomoa wanaishi navyo. Nyuma ya kile cha lupango ule kuna kivuli, hakuna anayepita, na maji ya mvua hayatuami. Baba akaibana katoni kwa mawe mawili na kunyunyizia udongo mwembamba juu yake. Kesho yake mtoto alipoletwa, alinusa, akaikuta harufu yake mwenyewe, akakanyaga kitu kigumu kilicho sawa kama saruji, akakojoa. Kila asubuhi Baba alichana katoni kidogo na kuongeza udongo kidogo, mpaka ikabaki kipande cha kiganja, mpaka ikawa udongo mtupu. Mbwa hakujua amehamishwa lini.

Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100. Sisi tuna milioni chache tu. Baba hana haja ya kuijua hesabu hiyo. Anajua kwamba kwa mbwa mahali ni harufu kwanza, na kwamba ukitaka kumwonyesha choo lazima umwandikie kwa wino wake.

Mtoto wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili au tatu, na mchana akiwa anacheza hata nusu saa ni nyingi. Wanaofundisha mbwa huhesabu kwa makadirio kuwa kila mwezi wa umri unampa saa moja ya kustahimili, na moja ya ziada. Kwa hiyo kumfundisha kujizuia katika umri huo ni kupoteza nguvu: misuli bado haijakomaa. Kinachowezekana ni mtu kufika kabla ya mkojo. Na mkojo una nyakati zake: akiamka, akimaliza kula, akinywa maji, akimaliza kucheza. Nje ya nyakati hizo kuna dalili. Mtoto anaacha mchezo ghafla. Anashusha pua sakafuni, anatembea akiinusa kama aliyepoteza kitu, anaanza kuzunguka mduara mdogo, mgongo unajikunja. Mduara ukishaanza, zimebaki sekunde chache. Wengi wetu huona mduara. Baba huona ile ya kuacha mchezo, na wakati mwingine huinuka kabla yake, kama vile mama aliyembeba mtoto mgongoni anavyojua kumshusha wakati nguo bado ni kavu. Ukimuuliza ameona nini, anasema masikio yalibadilika. Nimekaa kando yake nikiyaangalia masikio hayo, na mara nyingi mtoto alikuwa ameshachukuliwa mikononi na kupelekwa kichuguuni kabla sijaona lolote.

Usiku ndio unaoonyesha kwa nini ni sentineli na si mtu mwingine. Mwenye nyumba analala. Watoto wa nyumba, walioahidi kwa viapo vyote kuwa watamtunza mbwa, wanalala. Umeme ukikatika, giza linameza barza na hakuna anayetaka kutoka. Mtu mmoja tu yuko macho, amekaa karibu na mbabula, jiko la mkaa, lenye makaa ya mwisho mwisho, na kando ya mguu wake kuna katoni iliyokatwa upande mmoja, ndani yake gunia, na juu ya gunia mtoto wa mbwa. Katoni hiyo imepimwa. Ni ya kumtosha kugeuka na kujinyoosha, basi. Ingekuwa kubwa angelala upande huu na kukojoa upande ule. Ikiwa ndogo hivyo hataki kulowesha anapolala, kwa hiyo anaamka, anakuna gunia, anatoa mlio mwembamba. Hiyo ni saa saba, au saa nane. Kisha tena kwenye saa kumi.

Nimeona jinsi anavyoitikia mlio huo. Hawashi tochi usoni mwa mbwa. Hamsemeshi njiani. Anambeba, kwa sababu mtoto akitembea mwenyewe atakojoa baada ya hatua nne, anamweka nyuma ya kichuguu, anasema neno moja kwa sauti ya chini, "Inje", kisha anasimama ameangalia pembeni. Hamkodolei macho. Mtoto akimaliza anasifiwa kidogo na kurudishwa kulala, bila mchezo wowote, ili asije akajifunza kuwa usiku ukilia unaletewa furaha. Mchana ni kinyume chake. Mchana, baada ya haja, Baba hamrudishi haraka. Anamwacha azunguke, anamrushia kijiti, anaketi naye kidogo. Mbwa ambaye kila akikojoa anafungwa tena, hugundua upesi kwamba mkojo ndio unaomaliza matembezi, na ataushikilia makusudi. Watu wangapi wamelalamika kuwa mbwa wao alikaa nje muda mrefu bila kufanya kitu kisha akaingia na kukojoa ndani? Yeye alikuwa anajitafutia dakika za kukaa nje.

Mwaka 1910, mwaka uleule Wabelgiji walipouanzisha mji huu kwa jina la Élisabethville, Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha kitabu juu ya kufundisha mbwa. Njia zake kadhaa zilikuwa za ukali na wafundishaji wengi wa leo wameziacha, lakini jambo moja aliliona vizuri mapema: tendo na malipo yake lazima vigusane. Zikipita sekunde chache, mbwa ameshaanza kufanya jambo jingine, na malipo yataliendea hilo jingine. Baba ana kapenta wakavu kwenye mfuko wa koti. Samaki mmoja, mdogo kuliko kidole, hutolewa pale pale nyuma ya kichuguu. Hangoji warudi barzani, maana hapo angekuwa anamlipa mbwa kwa kurudi barzani. Na hatoi mapema pia. Hapo ndipo wanaojaribu kumwiga hukosea. Wanafurahi mno kuona mkojo unaanza, wanapiga makofi, mtoto anakatiza katikati kuja kupokea sifa, na nusu iliyobaki anaimalizia kwenye nta nyekundu. Baba husubiri miguu ya nyuma inyooke. "Muzuri," anasema, na samaki anatoka.

Chakula nacho amekipanga upya, bila kumwambia mtu kuwa anapanga. Katika nyumba nyingi mbwa hulishwa mara moja, usiku, makombo ya bukari, ugali wetu, na mboga baada ya watu kula. Tumbo la mtoto likijaa, matumbo yanaamshwa, na haja kubwa inafuata baada ya muda mfupi. Ukimlisha saa tatu usiku umejiagizia kinyesi cha usiku. Kwa mtoto mdogo Baba huomba bukari ya asubuhi, ya mchana na ya kabla jua halijazama, na sahani inaondolewa ikibaki ama isibaki. Baada ya siku chache unaweza kukisia saa ya haja kwa kuangalia jua. Maziwa ya unga, ambayo watoto wa nyumba wanapenda sana kumpa kwa huruma, ameyakataza: mbwa aliyekwisha kuachishwa ziwa mara nyingi hawezi kuyasaga, yanamharisha, na mbwa anayeharisha hafundishiki.

Kuhusu fimbo amewahi kusema zaidi ya neno moja. Siku moja Mama alikuta dimbwi mbele ya mlango, akamshika mtoto shingoni ampeleke pua kwenye mkojo, kiatu tayari mkono wa pili.

"Mama, musikapige," Baba alisema. "Kangali katoto."

"Lakini Baba, barza iko inanuka!"

"Njo hivi, Mama. Sisi njo tulichelewa."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na kiatu kilishuka. Alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi vya zamani. Mbwa aliyekojoa dakika tano zilizopita haunganishi kiatu na mkojo ule. Anaunganisha kiatu na mtu, au na mkojo ukionekana mbele ya mtu. Kinachofuata kinajulikana. Mtoto anaacha kukojoa unapomtazama, anajificha nyuma ya ndoo, chini ya kitanda cha sentineli, ndani ya stoo, na unapompeleka kichuguuni hakojoi kamwe kwa sababu wewe upo. Yale masikio yaliyolala na macho ya chini ambayo tunayasoma kuwa ni kukiri kosa ni woga wa sura yako. Baba akimkuta katikati ya tendo hupiga kofi moja mikononi mwake mwenyewe, kiasi cha kumkatiza, anamnyanyua, na samaki anamngoja nje kama kawaida.

Usafishaji unamchukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nyumbani kwetu suluhisho la kila uchafu ni javel, ile dawa ya klorini. Lakini mkojo wenyewe una amonia, na javel ikikutana na amonia hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, ya mtu na ya mbwa. Ukiongeza na siki juu yake unatengeneza sumu nyingine mbaya zaidi. Baba hutumia majivu ya mbabula kunywesha, anayafagia, kisha maji ya sabuni, kisha maji safi, na pakishakauka siki iliyopunguzwa kwa maji, mwishowe anaacha jua lifanye yake. Mahali ambapo bomba lina siku zake na maji ya kisima yanabebwa kwa bidoni, kumwona akimwaga maji safi mara ya pili juu ya sakafu inayoonekana imeshatakata ni kuona mtu anayejua kwamba pua ya mwanafunzi wake bado inasoma kilichoandikwa pale.

Niseme hapa, kwa fahari ya Mkongomani, kwamba mbwa wa nchi hii ana sifa ya usafi ulimwenguni kote. Mbwa wa wawindaji wa misitu ya Kongo, yule wa mkia uliojiviringa, asiyebweka na anayefungwa kengele shingoni ili wawindaji wamsikie, alipelekwa Uingereza na mwaka 1937 akaonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts kwa jina la Basenji. Wanaomfuga huko humsifu kuwa anajilamba mwili mzima kama paka na hana harufu. Malupango ya Lubumbashi leo yanamtafuta zaidi mbwa wa Kijerumani, anayeitwa berger, kwa ukubwa wake na sauti yake. Hilo ni chaguo la mwenye geti. Lakini mbwa wetu wa kawaida mwenye mkia wa kujikunja, anayeuzwa kwa bei ndogo, amempa Baba kazi nyepesi kuliko wote.

Masika ndiyo mtihani wake mkubwa. Mvua ya Januari huku hainyeshi kwa adabu, na mtoto wa miezi miwili akisikia bati linavyopigwa anarudi ndani ya katoni. Ukimsukuma nje anajifunza kuwa nje ni adhabu. Nimemwona Baba akivua viatu, akatangulia kwenye mvua peke yake, akasimama nyuma ya kichuguu amejifunika plastiki, akingoja. Mtoto alilia kwenye ukingo wa barza. Akatia mguu, akautoa. Baba hakumwita mara ya pili. Ilikuwa mvua kubwa kweli, na nilikuwa nimeshakata tamaa kwa niaba yake, ndipo mtoto akakimbia mkia chini mpaka miguuni pake, akakojoa, kisha wakarudi wote wawili wametota. Juni ina shida yake tofauti: mji huu uko juu, yapata mita 1,200, na usiku wa baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo katoni husogezwa karibu zaidi na makaa.

Si kila mkojo ni wa kufundishwa, na kuujua huo ni sehemu ya ufundi. Mtoto anayejikojolea akisalimiwa, amelala chali, anatoa heshima. Ukimkaripia anakojoa zaidi, ukimpuuza dakika moja kisha ukachutama kumsalimia, anaacha kadiri anavyokua. Anayekojoa matone matone kila baada ya dakika chache, aliyekuwa ameshajua kona yake, huenda ana ugonjwa wa njia ya mkojo, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo, kwa hiyo waganga wa wanyama hawakosekani mjini. Na dume akikaribia mwaka ataanza kuinua mguu kwenye kila nguzo ya geti. Hilo ni tangazo kwa mbwa wengine, na Baba humwachia nguzo moja.

Jirani wa ng'ambo ya barabara sasa ametuma mtu kumwomba Baba amsaidie na mtoto wa mbwa anayetaka kununua. Baba amekubali, kwa masharti. Alishwe saa zake. Asipigwe na yeyote, hata mgeni. La tatu ndilo lililochelewesha mapatano: mbwa asinunuliwe mpaka Baba amwone mama yake na mahali anapolala na watoto. Muuzaji anakaa katika komini ya Katuba. Jumapili, zamu ikiisha, watakwenda pamoja.